Mkalimani wa Picha za Jumatano

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa mume wangu alinipa ruhusa moja tu ya kutoka kwa matembezi bila yeye: kwenda sinema Jumatano saa nane mchana, kwenye onyesho la wanawake peke yao. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Tulipanga vyumba viwili Usagara, mjini Tanga, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa, mgeni wa mji. Nilikozaliwa, kijijini pwani ya kusini ya Tanga, nilikuwa nimeona picha mara moja, ile ya gari la serikali lililokuja kutufundisha kunawa mikono. Mwanamke wa kwenye picha alinawa, akanawa tena, akanawa tena, mpaka bibi yangu akauliza kwa sauti amepatwa na najisi gani.

Sinema ya mjini ilinishika mara moja. Kila picha niliyoiona niliiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa jiko, kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo nilizosoma chuo cha Kurani. Za Kizungu sikuijua hata moja. Picha ikinipendeza naandika neno moja la kunikumbusha na kulipigia mstari. Isiponipendeza, neno linabaki peke yake. Asubuhi moja mume wangu alisimama mbele ya mlango ule na kikombe cha chai mkononi.

“Nyoka. Daraja. Kikohozi,” akasoma. “Maneno haya ni ya nini?”

“Ya picha.”

“Picha gani ya kikohozi?”

Nikamweleza. Alinisikiliza uso ameukunja kama mtu wa forodha anayefunguliwa sanduku, kisha akanywa chai yake akaenda kazini. Yeye alianza kunishuku mapema. Mimi nilichelewa, lakini nilipoanza nilimpita.

Aliyenizoesha sinema ni jirani yangu, mwanamke wa Kipemba aliyekuwa akikaanga maandazi na kuyauza kituo cha mabasi. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini na tano, hana mume, hana mtoto. Alikulia Wete katika nyumba ya Mhindi mnunuzi wa karafuu, ambako mama yake alikuwa mpishi, na kwa hiyo alijua Kihindi. Ndivyo tulivyoambiwa na ndivyo tulivyoamini. Kila Jumatano alikaa safu ya tatu, katikati, nasi tukajipanga kumzunguka: mimi kulia kwake, mama mmoja mnene wa mtaani kwetu nyuma yetu, na wanawake wengine wengi ambao sikuwajua isipokuwa kwa kicheko chao. Mabuibui yalishushwa mabegani, watoto wachanga wakanyonyeshwa, tambuu ikapita mkono kwa mkono. Taa zikizimwa, anaanza.

“Huyu ni mtoto wa wenyewe lakini hajui. Huyu mwenye masharubu ndiye adui. Sasa anamwambia, ondoka kwangu, usinitie aibu mbele ya watu.”

Alikuwa na sauti nzuri, ya chini kidogo, na alijua wapi pa kunyamaza. Wimbo ukija hakuutafsiri; alisema tu, “Moyo wake umevunjika,” akatuacha tuusikilize.

Picha niliyoipenda kuliko zote mwaka ule ilikuwa hiyo ya kikohozi. Mwanamke kipofu anauza bangili nje ya kituo cha treni. Anapita kijana tajiri na bibi harusi wake, anakohoa, na kipofu anaziachia bangili zote zikamwagika chini. Jirani yangu akatuambia, “Mwanawe huyo! Amemjua kwa kikohozi, kile kile cha utotoni. Lakini hawezi kusema, kwa sababu ukweni wanamdhani kijana ni yatima wa watu wakubwa. Akisema, ndoa imevunjika.” Kipofu akainama, akaziokota bangili moja moja, asiseme kitu. Upande wetu wote wa ukumbi tulilia. Mama mnene alilia hadi akapangusa machozi kwa buibui langu. Nilirudi nyumbani nikaandika neno lile nikalipigia mistari miwili, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa picha nyingine.

Halafu ikaja picha ya Kiingereza. Wanaume wamevaa kofia pana, wako juu ya farasi, wanafukuzana jangwani tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna wimbo, na mwanamke ni mmoja tu, amekaa dirishani. Jirani yangu hakusita.

“Wanagombea kisima,” akasema.

Kisima chenyewe hatukukiona. Wakati wa kurudi nikamuuliza, “Dada, Kiingereza ulijifunzia wapi?”

“Mdogo wangu, wanaume kumi wazima wanafukuzana jangwani, watagombea nini kama si maji?”

Nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani na kuandika *kisima* bila mstari, kicheko kilikuwa kimeniisha.

Wiki mbili baadaye walituletea picha ya Misri. Katika safu yetu siku ile alikuwapo mke wa mwalimu wa chuo na Waarabu wawili, mama na binti yake. Jirani yangu alikula karanga tangu taa zilipozimwa hadi zilipowashwa, hakutamka neno.

“Leo husemi, dada?”

“Koo linaniuma.”

Njiani alinieleza kwa kirefu habari za muuza samaki mmoja aliyemdhulumu, na koo halikuonekana kumsumbua. Nikasema moyoni: mtu huyu husema pale tu asipokuwapo wa kumsahihisha.

Kutoka hapo nikawa namtazama yeye kuliko ninavyoitazama picha. Niliona jinsi steringi alivyofungua mdomo mara moja tu, naye akatupa maneno ya kujaza kikapu. Niliona bibi mzee akilaumu kwa muda mrefu, mkono kiunoni, na tafsiri ikawa “Amekataa.” Mashaka yana tabia ya kunguni: ukimwona mmoja, unapekua godoro zima, kisha mito, kisha nguo za mtu unayelala naye. Mimi nilifika kwenye nguo.

Mume wangu alikuwa karani katika ghala la katani karibu na bandari. Kila siku alirudi na nyuzi fupi nyeupe kwenye kola, kwenye nyusi, hata masikioni, nami nikamkung'uta uani kabla hajaingia ndani. Jumamosi kazi iliisha saa sita, lakini yeye hakuja nyumbani. Alikwenda Pongwe, nje ya mji, akarudi karibu na magharibi. Aliniambia kuna ghala jingine huko, na kwamba anatakiwa akaliangalie. Nililiamini jambo hilo miezi mingi. Sasa nikakumbuka kwamba shati la Jumamosi halikuwa na uzi hata mmoja. Lilirudi safi kama lilivyotoka, ila mara mbili nilikuta doa jeupe kwenye mkono, laini kama unga. Nililinusa. Halikunuka kitu. Nikajiambia: poda.

Sikumwuliza. Mwanamke wa kwetu haulizi kabla hajawa na jibu mkononi. Nilianza kumtazama akila, akivua viatu, akitia udhu. Naye akaniona namtazama, akaanza kunitazama vile vile. Tukawa watu wawili tunaokula sinia moja kila mtu akiuchunguza mkono wa mwenziwe.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja picha iliyonimaliza.

Ilimhusu mwanamume mwenye nyumba mjini na mke kijana. Kila wiki anachukua kisanduku cha bati, anapanda treni, anashuka stesheni ndogo ya shamba. Huko anaingia nyumba nyingine, na mwanamke mtu mzima kidogo anamtilia maji ya kunawa miguu. Nilisikia masikio yakipata moto. Katikati ya picha yule mwanamke wa shamba anakuja mjini na sanduku lake, anabisha hodi, na mke kijana anamfungulia mlango, anampokea mzigo, anamketisha. Mume amesimama nyuma yao, anafikicha vidole.

Jirani yangu, ambaye alikuwa akitafsiri vizuri tangu mwanzo, alinyamaza. Nilimgeukia. Mwanga wa picha ulikuwa usoni pake, naye ameshika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili.

“Huyu ni dada yake,” akasema.

“Dada gani anayemshika mtu kidevu?” akauliza mama mnene kutoka nyuma, maana kidevu tulikiona kikishikwa kule shamba. Watu wakacheka.

“Nimesema ni dada yake.”

Hakusema tena hata neno moja. Picha ikaendelea bila yeye, watu wakalia ndani ya picha sisi tusijue kwa nini, na wimbo wa Malkia wa Uingereza ulipopigwa mwishoni tulisimama tukiwa tumenuna. Akaondoka mbele yangu bila kuningoja.

Siku ya pili yake nilikwenda kwenye duka la nguo la Mhindi mmoja kununua uzi nisiouhitaji. Mke wa mwenye duka alikuwa akija Jumatano pia, akikaa huko mbele na wenzake, na tulikuwa tukisalimiana. Nikamwomba anieleze picha ya jana.

“Yule wa shamba ni mke wake wa kwanza,” akasema huku akinipimia uzi. “Yule mdogo wa mjini hajui. Picha yote ni hiyo tu. Mdogo hajui.”

“Si dada yake?”

“Dada? Nani amesema dada?”

Nikamtajia jirani yangu. Akatabasamu bila ubaya. “Yule anajua Kikachi. Ile lugha yetu ya nyumbani. Anasema vizuri sana, mimi mwenyewe nashangaa. Lakini picha ni Kihindustani, lugha nyingine. Mimi nimezaliwa Bombay, ndiyo najua. Mawifi zangu waliozaliwa hapa wanashika nusu nusu.”

Nikamuuliza habari za kipofu na kikohozi. Akafikiri kidogo. “Ah, ile! Yule alikuwa yaya nyumbani kwa kijana, aliiba mkufu akakimbia. Siku ile alisikia kikohozi chake akajua ni nani, akaogopa atakamatwa.”

Nilitoka dukani nimeacha uzi juu ya meza. Nilikuwa nimemlilia mwizi. Lakini hilo halikuniuma kama lile jingine, *mdogo hajui*. Nililigeuza njia nzima. Jirani yangu anauza maandazi kituo cha mabasi. Mabasi ya Pongwe yanaondokea hapo hapo mbele ya meza yake. Anamwona mume wangu kila Jumamosi, anajua anakokwenda, labda anamjua na huyo anayemwendea. Na siku mambo yangu yalipoonyeshwa ukutani mbele ya watu mia, na mimi nimekaa kulia kwake, akaona anifiche. Hivyo ndivyo nilivyolipanga, na lilipangika bila pengo.

Hasira nilianza kuitoa kwake kabla ya mume wangu. Ijumaa asubuhi, bombani, nilimwambia mama mnene kwamba mkalimani wetu Kihindi cha picha hakijui, kwamba mwaka mzima ametulisha uongo, na kwamba ametufanya tumlilie mwizi. Nilijua ninamwambia nani. Kufika alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari.

Jumamosi nilijifunika buibui uso mzima, nikapanda basi la Pongwe nyuma ya lile la mume wangu. Niliposhuka nilimkuta mama muuza machungwa kando ya barabara. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anamjua karani wa mjini, mrefu, mwenye koti la kahawia.

“Yule wa kila Jumamosi?” akasema. “Nyumba ile ya bati, nyuma ya duka.”

“Anakaa nani pale?”

“Mwalimu mmoja mzee, Mbondei. Yeye na mkewe.”

Sikusikia “mwalimu.” Nilisikia “mkewe.” Nikaizunguka nyumba kwa upande wa jiko, mahali palipokuwa na dirisha la mbao lililofunguliwa nusu, nikachungulia kama mwizi.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kifuani, kibao cha kuandikia mapajani. Mbele yake mzee mwembamba wa miwani, rula mkononi. Mke wa mzee, bibi wa mvi, alikuwa pembeni akichambua mchele. Mume wangu alikuwa akisoma kwa sauti, Kiingereza, polepole, kidole kikifuata chini ya maneno. Akakwama. Mzee akampiga rula ya vidole, si sana, lakini akampiga.

“Tena! Tangu mwanzo. Mtu mzima hovyo!”

Mume wangu, ambaye nyumbani hakuna aliyethubutu kumkata kauli, akafuta kibao kwa mkono wa shati lake, akaanza tena. Chaki ikabaki kwenye shati.

Sijui nilitoa sauti gani. Bibi wa mvi akainua macho, kisha mzee, kisha yeye. Nikafunua uso. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuingia kwa mlango kama mtu na kuwaamkia wazee. “Marahaba,” mzee akaitikia, akauliza, “Huyu naye amekuja kusoma?”

Tulirudi basi moja. Tulipokaribia mjini akaniambia, macho ameyaelekeza mbele. Alikuwa ameingia ghalani kama mpima mizigo. Karani alipohamishwa, meneja aliuliza nani anajua kusoma na kuandika Kiingereza, naye akanyoosha mkono. Alikuwa anajua Kiswahili na maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye magunia. Tangu hapo barua za wiki alizichukua Pongwe kwa siri, mzee akamsomea, akamfundisha kujibu.

“Wewe ulidhani nini?” akaniuliza.

“Mwanamke.”

Alicheka kicheko kibaya. “Heri ungenikuta na mwanamke. Kwa mwanamke mtu hafukuzwi kazi. Sasa kuna mtu wa nne anayejua.”

“Mimi ni mkeo.”

“Wewe ni mtu aliyekuja na basi la nyuma.”

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa jirani yangu. Nilikuwa nimeaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta wa kumgawia. Nilimkuta anaosha karai.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Nimesikia uliyoyasema bombani.”

“Na wewe kwa nini ulisema ni dada yake?” nikamrukia. “Ulijua si dada. Umenifanya nimdhanie mume wangu mambo, nimekwenda mpaka Pongwe kumchungulia!”

Aliliweka karai chini. Hakukasirika kama nilivyotaka.

“Kaa,” akasema. Nikakaa kizingitini.

“Wete niliolewa na seremala. Mwaka wa pili akaja mwanamke na sanduku lake. Mume wangu akanambia, huyu ni dada yangu kwa baba, ameachwa, atakaa na sisi. Nikampokea sanduku. Nikampikia, nikamfulia. Alikuwa na mimba changa, nikamwonea huruma, mume kamwacha na mimba! Miguu ilipomvimba nikamkanda. Miezi inakwenda, akajifungua, na anayemwadhinia mtoto ni mume wangu, na jina alilopewa ni la babake mume wangu. Hapo ndipo nilipojua. Na mtaa mzima ulikuwa ukijua zamani.”

Alikausha mikono kwa kanga.

“Jumatano nimeona mlango unafunguliwa, yule anaingia na sanduku, na yule mdogo anampokea. Neno likanitoka. Ndilo nililoambiwa mie. Sikuwa natafsiri. Wewe hata sikukukumbuka kama uko.”

Nikamuuliza kitu cha kijinga: kama hakuwa akimwona mume wangu pale kituoni.

“Namwona. Kila Jumamosi, na daftari ndani ya koti. Nilidhani unajua. Mwanamume anayekwenda kwa mwanamke atachukua daftari?”

“Na Kihindi?”

“Kihindi nashika neno hapa, neno pale. Palipobaki natia mwenyewe. Hamkuniuliza.” Akalirudia karai lake. “Haya, nenda nyumbani. Nina kazi.”

Jumatano iliyofuata hakuja. Habari yangu ya bombani ilikuwa imefanya kazi yake: safu ya tatu ilikuwa tupu na wanawake wote wamehamia mbele, nyuma ya mke wa mwenye duka la nguo, wakimwomba awatafsirie. Alikuwa mkarimu, akakubali. Tukapata tafsiri ya kweli.

“Anasema anampenda,” akatuambia. Wimbo ukaenda, kijana akazunguka bustani nzima. “Bado anasema anampenda.” Akaja baba mtu na bakora. “Anasema hataki.” Mama mnene alikuwa amelala kabla ya mapumziko. Hiyo ndiyo picha mbovu kuliko zote nilizoziona mwaka ule, na sina hakika kama ubovu ulikuwa wa picha.

Taa zilipowashwa wakati wa mapumziko nilisimama nikawaambia walionizunguka kwamba maneno ya bombani ni yangu, nimeyasema kwa hasira zangu mwenyewe, na nimekosa.

“Lakini ni kweli hajui Kihindi?” akauliza mama mnene, akifikicha macho.

“Kweli hajui.”

“Basi umesema kweli. Kosa liko wapi?”

Hata leo nikiulizwa vile nababaika.

Kila Jumatano nilipita kumgongea mlango. “Leo nina kichwa,” anasema, au, “Leo nina unga wa kukanda.” Sikumlaumu, ila nilisimama pale nje nikisikiliza kama kweli anakanda. Hakuwa anakanda. Jumatano ya tano akatoka amevaa buibui, akanipita, akatangulia. Tulipoingia alikwenda kukaa safu ya tatu, mahali pake, mikono mapajani. Nikakaa karibu naye. Picha ikaanza naye kimya. Mbele yetu tunasikia, “Anasema anakwenda. Anasema atarudi.”

Haukupita muda mama mnene akaja na mto wake wa kukalia, akajitupa nyuma yetu.

“Hebu tuambie na wewe,” akasema.

“Mie sijui Kihindi,” jirani yangu akajibu bila kugeuka.

“Tunajua hujui. Tuambie.”

Kwenye picha palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akifunga na kufungua mzigo wake mlangoni. Hatimaye jirani yangu akaanza, kwa sauti ile ile ya chini: “Huyu mzee haondoki. Anataka aambiwe abaki, na hakuna wa kumwambia.” Wanawake wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakiinama ili wasizibe picha, hadi safu ikajaa. Mke wa mwenye duka la nguo mwenyewe aligeuka mara moja akatutazama, na nadhani alitega sikio.

Mimi nilisikiliza, lakini si kama zamani. Kila neno nililipima mdomoni mwa yule mzee wa kwenye picha, nikatazama kama linaenea. Wenzangu walilia, mimi nilichelewa kulia. Hiyo ndiyo hasara niliyoipata mwaka ule, na niliitafuta mwenyewe. Kikohozi nilikuwa nimekifuta mlangoni siku ile niliyotoka dukani. Nilikiandika upya, nikakipigia mstari mmoja.

Mume wangu hakuacha Pongwe. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliniaga. “Naenda kusoma,” anasema, nami naitikia, “Haya.” Kwa miezi mitatu hatukuvuka hapo. Ruhusa ya Jumatano hakuiondoa, ingawa nilingoja aiondoe. Jumapili moja mchana alitoa daftari lake barazani, akawa anasoma kwa sauti, Kiingereza, haraka haraka, bila kukwama, akinitupia jicho aone kama nasikia. Nilifurahi. Kisha, Mungu anisamehe, nikajiuliza: nitajuaje kama anasoma, au anabuni?

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia nataka kujua herufi za Kizungu. Alijua kabisa kwa nini nazitaka, akasogeza kigoda. Alinifundisha kwa ukali ule ule wa Pongwe, ila bila rula, na mimi nikazishika upesi, kwa kuwa mtu mwenye mashaka ni mwanafunzi mzuri. Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa nayafuata maneno kwa kidole, hata yale nisiyoyajua maana. Siku moja alikuwa akisoma barua ya meneja, nami nimekaa kando yake nikifuata.

“Umeruka neno,” nikamwambia.

“Sijaruka.”

“Hapa. Hili fupi.”

Akainama, akaliangalia, akalitamka midomo ikitikisika.

“Kweli,” akasema. “Nimeliruka.” Akarudi mwanzo wa mstari.